Kundi la Walioacha

"Baba, bado hujarudia sigara?" nesi aliuliza, huku akifunga mpira juu ya kiwiko cha Fundi.

"Ameacha kabisa," mkewe akajibu. "Tangu mwaka jana. Hata kiberiti cha jikoni hakigusi."

Nesi akaandika. Fundi alikuwa ameinua uso akitazama feni ya darini, ambayo haikuwa ikizunguka. Sindano ilipoingia hakupepesa hata kope. Damu ikajaa kwenye chupa ndogo yenye kifuniko cha zambarau, nyeusi kidogo kuliko mkewe alivyopenda kuiona.

Kwenye karakana alikochomelea mageti Fundi, walimwita mkewe Msemaji, na hawakumwonea. Mteja akilalamika kwamba dirisha limepinda, anayejibu ni yeye. Mwenye nyumba akija kupandisha kodi, wa kukabiliana naye ni yeye. Hata siku Fundi alipoumwa jino, daktari alipouliza ni lipi, Msemaji ndiye aliyenyoosha kidole. Fundi alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache alikuwa amemwachia mkewe ayaseme.

Ukutani mwa chumba kile kidogo cha utafiti, nyuma ya kliniki, kulikuwa na karatasi tatu. Ya njano iliandikwa Wanaovuta, ya kijani Wasiovuta, na ya bluu Walioacha. Fundi alikuwa na kadi ya bluu. Msemaji ndiye aliyeitunza, ndani ya Biblia yake, na alikwisha kuwaonyesha akina mama wa kikundi cha sala, mmoja mmoja, kama mtu anayeonyesha picha ya mjukuu.

Safari hii hawakuruhusiwa kuondoka upesi. Daktari wa utafiti, kijana mrefu mwenye koti lililomzidi mabega, aliingia na kufunga mlango nyuma yake.

"Mama, kaa. Mzee wangu, na wewe kaa." Yeye mwenyewe akabaki amesimama. "Kuna jambo linanisumbua. Mnajua tunachokitafuta hapa?"

"Moyo na sigara," Msemaji akasema.

"Moyo, sigara, na seli nyeupe za damu. Hizi seli ni askari wa mwili. Mtu akivuta, kila siku mwili unadhani umevamiwa, unaongeza askari. Askari wakizidi na adui haonekani, hawakai bure. Wanajipenyeza kwenye kuta za mishipa ya moyo, wanazivimbisha, mishipa inakuwa myembamba. Ndivyo tunavyodhani, na ndiyo maana tunawapima. Mtu akiacha, askari hupungua taratibu. Kwa watu wote wa kadi ya bluu wanapungua." Akamtazama Fundi. "Isipokuwa mzee wangu. Askari wako wanapanda. Mwezi uliopita nilidhani una maambukizi mahali, nikakupa dawa. Umemaliza dawa, wamepanda tena."

"Kwa hiyo ni nini?" Msemaji akauliza.

"Angekuwa mvutaji, nisingeshangaa. Leo hii ningempeleka kupima moyo. Lakini kwa mtu aliyeacha mwaka mzima, lazima nifikirie kiwanda chenyewe cha damu. Uboho, ndani ya mfupa. Inabidi akachomwe sindano nyongani, hospitali kubwa, wauchunguze."

"Ni saratani?" Fundi akauliza. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu asubuhi.

"Sijasema hivyo."

"Lakini hujasema siyo."

Kipimo hicho, daktari alieleza kwa sauti ya chini, utafiti haukuwa na fungu la kukilipia. Familia ingebidi ijikaze.

Msemaji alifungua mdomo. Maneno yalikuwa pale, mepesi, mafupi, yamepanga foleni nyuma ya meno. Kisha akamwona nesi, kalamu mkononi, anamwangalia kwa huruma.

"Mungu hatatuacha, daktari," akasema.

Fundi alikuwa anamtazama. Alimtazama kwa muda, kisha akarudisha macho kwenye feni.

*

Msemaji alijua. Alianza kujua siku alipofua glovu za ngozi za mumewe na kukuta, ndani ya kidole gumba, kipande cha sigara kilichozimwa kikafichwa kwa matumizi ya baadaye. Alikirudisha mahali pake, akazianika glovu juani.

Si kwamba alimdanganyia watu tangu mwanzo. Fundi aliacha kweli. Aliacha kwa majuma machache, akiwa mkali kama nyuki, na katika majuma hayo hayo Msemaji, ambaye furaha haimkai kifuani, alisimama mbele ya akina mama wote akatoa ushuhuda. Alilia, wakalia, wakaimba. Wengine wakampa majina ya waume zao ili awaombee. Kuanzia siku ile sala yake ilibadilika bila yeye kutambua. Alipopiga magoti hakusema tena, "Bwana, mponye." Alisema, "Bwana, mwachishe kabla hawajajua."

Kuhusu daktari alikuwa amemwambia mama mmoja tu, bombani. Alasiri wakaja wote.

Cherehani ilisogezwa ukutani. Sare za shule alizokuwa anashona, nyingine bado hazina mikono, zikarundikwa kitandani. Fundi akawekwa katikati ya chumba, kwenye kigoda, na mikono ya watu wengi ikatua kichwani na mabegani mwake.

"Mungu aliyemtoa huyu baba kwenye sigara," alisema Mama Mlezi, mjane mwenye sauti ya kujaza uwanja, "ndiye huyo huyo atakayemtoa kwenye ugonjwa wa damu. Au nadanganya?"

"Hudanganyi!"

"Mimi wangu nilimwambia," akadakia mke kijana waliyemwita Bibi Harusi, ingawa mtoto wa mgongoni alikwisha kuota meno. "Nilimwambia, kama Fundi ameweza, wewe ni nani? Sasa anatafuna tangawizi kutwa. Ulimi umechubuka, lakini havuti."

Wakacheka. Msemaji naye akacheka, akasikia kicheko chake kikitoka kama sarafu bandia.

Mama Mlezi aliinama kumwombea Fundi sikioni. Akavuta pumzi ili aanze, halafu akasita. Pua yake ilicheza kidogo.

"Moshi wa kuchomelea huo, mama," Msemaji akasema haraka. "Haumtoki hata kwa sabuni. Ungeziona shuka zake."

"Ahaa," Mama Mlezi akasema. Akaendelea na sala, lakini sauti haikujaa tena kama mwanzo.

Walipoondoka Fundi alibaki kwenye kile kigoda.

"Nimepata mtu wa kununua mashine," akasema.

"Mashine gani?"

"Ya kuchomelea. Tuna nyingine?"

"Halafu mageti utayaunga kwa mate?"

"Kipimo kinataka pesa, mama watoto. Nikifa, mashine itakufaa nini? Utachomelea nayo sare?"

Alikuwa anatania, lakini mkono wake wa kulia ulikuwa unasugua kifua, taratibu, kama mtu anayetafuta kifungo kilichodondoka. Msemaji aliuona ule mkono. Akayaona tena yale maneno mafupi, yamesimama pale pale yalipoachwa.

"Tusali kwanza," akasema.

"Sali," Fundi akajibu. "Mnunuzi anakuja kesho."

*

Kesho yake alikwenda karakana na chakula cha mchana mapema kuliko kawaida. Pikapu nyeupe ilikuwa imeegeshwa kinyumenyume mlangoni, na mashine ya kuchomelea ilikwisha kupandishwa na kufungwa kamba. Mnunuzi, mtu mnene mwenye miwani ya jua iliyopandishwa utosini, alikuwa anakagua nyaya.

Kobe, mwenzake Fundi katika kazi, alimwona akaja mbio, yeye ambaye hakuitwa Kobe kwa mzaha.

"Shemeji! Msemaji mwenyewe! Leo tunakula nini? Nipe hilo bakuli, mikono itakuchoka."

"Mwenzio yuko wapi?"

"Fundi? Ameenda… ameenda kupima geti la mtu."

"Wapi?"

"Kule." Kobe akaonyesha upande usio na nyumba hata moja.

"Na futi yake ya kupimia ameiacha mezani?"

Kobe akaitazama ile futi kama mtu aliyesalitiwa na ndugu. "Shemeji, kaa kwanza. Nikuletee kiti. Kina mafuta kidogo, lakini…"

Msemaji hakuwa anamsikiliza. Juu ya uzio wa mabati, nyuma ya choo, uzi mwembamba wa moshi ulikuwa unapanda. Karakana haikuwa na umeme tangu asubuhi. Hakuna aliyekuwa anachomelea kitu.

Alizunguka. Fundi alikuwa amechuchumaa, ameegemea bati, sigara katikati ya vidole. Alipomwona mkewe hakuitupa. Ilikuwa kama amechoka kuitupa.

"Tangu lini unajua?" akauliza.

"Tangu glovu."

"Glovu!" Alitikisa kichwa. "Kumbe muda wote huo. Mimi napiga mswaki nyuma ya choo kama mwizi wa dawa ya meno."

"Ulimsikia daktari," Msemaji akasema. "Alisema angekuwa mvutaji asingeshangaa. Ulimsikia kwa masikio yako. Unauza mashine ukachomwe mfupa bure! Kwa nini hukusema?"

"Nilikungoja wewe. Wewe ndiye unayesema."

"Mimi?"

"Wewe. Ulisimama mbele ya watu ukasema nimeacha. Nikadhani labda hujui. Na kama hujui, mimi ni nani nikuvue nguo hadharani? Halafu ukafungua mdomo pale kwa daktari, nikasema moyoni, haya, anasema sasa. Ukasema Mungu hatatuacha." Alivuta pumzi, ikakwama katikati. "Nikaona basi, tumekubaliana."

Kabla Msemaji hajajibu, sigara ilianguka. Fundi aliitazama ilipoangukia, kama inamshangaza, kisha akashika kifua kwa mikono yote miwili.

"Nini? Baba watoto, nini?"

"Kama mtu amenikalia," akasema. Jasho lilikuwa limemtoka ghafla usoni, matone makubwa, na midomo ikawa rangi ya majivu. "Na huu mkono… sijui umelala."

Kobe alikuwa amefika. "Ni gesi hiyo. Apewe soda, acheue."

"Mshike huku!" Msemaji akapiga kelele. "Mshike, tumtoe!"

Walimkokota mpaka mbele. Mnunuzi alishusha miwani yake machoni, akaipandisha tena.

"Jamani, mimi nimekuja kununua mashine, sikuja kununua mgonjwa."

"Leo umepata vyote viwili," Msemaji akamwambia. "Washa gari."

"Lakini mama…"

"Washa gari, kaka yangu! Akifia hapa utamlipa nani hiyo pesa?"

Mtu yule akaangalia pesa aliyokuwa bado ameishika, akaangalia uso wa Fundi, akawasha gari. Kobe alipanda nyuma akakaa juu ya mashine. Fundi aliwekwa katikati, kichwa kikiwa begani mwa mkewe. Njia nzima Msemaji alijaribu kusali na kila mara alikuta sala ni ile ya zamani, kabla hawajajua, kabla hawajajua. Akaikata. Akasema kwa sauti, mnunuzi akisikia, "Bwana, wajue wote. Mwache tu apumue."

*

Kliniki ilikuwa imejaa. Ilikuwa siku ya chanjo, na mabenchi ya ukumbini yalikuwa na akina mama waliopakata watoto kutoka mwanzo hadi mwisho. Nesi wa utafiti alikuwa anapita na trei ya chupa zake.

"Mama, leo siyo siku yenu. Kadi za bluu ni…"

"Siyo kadi ya bluu."

"Samahani?"

Msemaji alimwona Bibi Harusi. Alikuwa benchi la kwanza kabisa, mtoto begani, macho yamemtoka. Hatua chache tu. Angeweza kumvuta nesi pembeni na kumnong'oneza. Ukumbi ulikuwa na kona nyingi, na yeye alizijua zote. Lakini kunong'ona kungechukua muda, na Fundi alikuwa ananing'inia mikononi mwa watu wawili.

"Nilidanganya," akasema, na sauti yake, ambayo haikuwahi kujua kuwa ndogo, ikafika mpaka dirisha la dawa. "Anavuta. Anavuta mpaka leo, hajaacha. Daktari alisema mvutaji apimwe moyo. Kifua kimembana, mkono umelala. Mpimeni moyo, nesi, nakuomba, moyo, siyo mfupa!"

Hata watoto wakasita kulia. Nesi aliweka trei chini sakafuni, mahali asipopaswa kuiweka, akakimbia.

Walimlaza. Walimbandika waya kifuani, miguuni na mikononi, wakampa kidonge cha kutafuna na hewa ya mtungi. Karatasi ndefu ikaanza kutoka kwenye mashine. Daktari aliisoma ikiwa bado inatoka.

"Kwa siku anavuta ngapi?" akauliza bila kuinua macho.

Msemaji alifungua mdomo na kukuta hakuna kitu. Alijua namba ya kiatu cha Fundi, jino lililong'olewa, upande anaoulalia. Hili hakulijua.

"Sijui," akasema.

Daktari na nesi waligeuka wote wawili kumtazama. Ndipo sauti ikatoka chini ya kifuniko cha hewa, nzito, kama ya mtu anayeamka.

"Pakiti. Siku za hofu, pakiti na nusu."

"Na siku za karibuni?"

"Zote zilikuwa za hofu."

Daktari aliandika. Kisha akakaa ukingoni mwa kitanda kingine, mabega yakazidi kupotea ndani ya koti. "Mshipa mmoja umebana sana. Haujaziba wote. Gari la wagonjwa linakuja, watauzibua hospitali kubwa. Mngengoja kile kipimo cha mfupa…" Hakumalizia. "Mama, nilikuwa nahangaika na uboho wake kama mtu anayetafuta mbuzi kwa jirani. Seli zilikuwa zinaniambia tangu mwanzo. Nikaona zenyewe ndizo zinazodanganya."

"Nisamehe, daktari."

"Mimi pia nina kosa. Nilimuuliza yeye, nikakusikiliza wewe." Akanyoosha mkono. "Nipe ile kadi."

Msemaji akaitoa kwenye Biblia. Ilikuwa bado safi, haina hata kunyanzi. Daktari akaitia mfukoni.

Nje ya geti mnunuzi alikuwa ameishusha mashine na kuondoka. Aliacha ujumbe kwa Kobe, na Kobe aliufikisha jinsi alivyoupokea: eti yeye hanunui kitu chenye mkosi, wampe mgonjwa pole. Kobe mwenyewe alikuwa amekaa juu ya mashine, amelinyanyua lile bakuli la chakula, anakula polepole, hana haraka ya kwenda popote.

*

Akina mama walikuja wodini baada ya Fundi kuzibuliwa mshipa. Walikuja wachache kuliko siku ile, na waliingia bila wimbo. Bibi Harusi alikuwa nyuma kabisa. Msemaji alisimama kuwapokea, akiwa amezipanga sare zake kichwani mwa kitanda, maana alikuwa akishonea vifungo hapo hapo.

Hakuna aliyejua pa kuanzia. Wakauliza usingizi, wakauliza chakula. Wakasifu dirisha.

"Tangawizi imeshindwa," Bibi Harusi akasema ghafla kutoka nyuma. "Nilipomweleza mume wangu niliyoyasikia kliniki, alicheka, akatoka kwenda dukani." Machozi yalikuwa karibu. "Mimi niliwaambia watu kwa sababu yako, dada."

"Najua," Msemaji akasema.

"Nilikuamini."

"Najua, mdogo wangu. Nilikukosea. Nimewakosea wote." Sindano ilikuwa bado katikati ya vidole vyake, na uzi ukining'inia. Alitaka kuongeza. Kulikuwa na mengi ya kuongeza, kuhusu majuma yale machache ya kweli, kuhusu glovu, kuhusu furaha isiyomkaa kifuani. Aliyasikia yakijipanga. Akayaacha yajipange.

Mama Mlezi alikohoa. Alikuwa mtu mwema, na ukimya ulimwogopesha. "Haya, mama," akasema. "Mungu amemponya mshipa, hilo hakuna wa kulipinga. Tupe basi neno la ushuhuda, hata fupi, tuombe tuondoke."

Wote wakamgeukia Msemaji, kama walivyozoea, kama ulimwengu mzima ulivyozoea. Nesi wa zamu naye akasimama na kibao chake.

Msemaji aliketi. "Leo sina," akasema. "Wa kusema ni huyo hapo. Muulizeni mwenyewe."

Shingo zikageukia kitandani. Fundi alikuwa amelala chali, akitazama feni ya darini. Ya huku ilikuwa inazunguka. Alichukua muda mrefu kiasi kwamba mama mmoja alianza kufungua mdomo kumsaidia, na Msemaji akamshika mkono.

"Leo," Fundi akasema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayejaribu mlango alioufunga mwingine, "bado sijavuta."

Akafikiri.

"Kesho mniulize tena."